Msemaji Mwenye Kiu

Kwenye karatasi za chama chetu mimi ninaitwa lorea. Ni neno la Kifaransa, na hapa Bujumbura wanaitwa hivyo vijana waliomaliza masomo ya juu na sasa wanangoja kazi. Masomo yangu si ya juu. Nilimaliza sekondari, upande wa ukatibu, kwa alama ambazo mwalimu alizisoma kwa sauti ya chini ili asiniaibishe. Siku niliyojiunga, dada aliyekuwa akiandika majina aliniuliza, "Umemaliza?" Nikamjibu nimemaliza. Hakuuliza nimemaliza nini, na mimi sikumsumbua kwa maelezo.

Chama kinapigania haki za wanawake. Tunakutana Mutanga Nord, kwenye veranda ya prezida wetu, mama mwenye masomo mengi ya kweli na viti vya kutosha. Ningependa kuandika kwamba nilivutwa na haki. Nadhani nilivutwa na viti. Kwetu Jabe tuko wengi, na kiti ukikiacha kidogo tu kimepata mtu mwingine. Halafu pale veranda nilikuta kwamba nikisema, watu wananyamaza na kunisikiliza, hata nikiwa nasema jambo ambalo mwenzangu amelisema kabla yangu kwa ufupi na uzuri zaidi. Nyumbani nikisema, baba anaongeza sauti ya redio. Simlaumu. Ni fundi wa magari, masikio yake yamezoea mambo yenye kelele.

Mahali pa kampeni ya kwanza nilipachagua mimi: soko la Jabe. Nilisema ni kwa sababu wanawake wa pale wana shida nyingi, na ni kweli wanazo, lakini pia nilitaka watu wa kwetu wanione nimevaa fulana ya chama. Nikasimama mbele ya mama mmoja muuza nyanya, nikaanza kumweleza kwamba mwanamke ana haki ya kusikilizwa. Alinivumilia, huku akiinama kushoto, akiinama kulia, kama anatafuta mtu nyuma yangu.

"Mwanangu," akasema mwisho, "haki yangu leo ni utoke mbele ya nyanya. Wanunuzi hawazioni."

Wenzake wakacheka. Mmoja akauliza, "Na hiyo fulana munagawa?"

Nikasema hatugawi.

"Basi hiyo haki yenu iko ya kuvaa nyinyi peke yenu."

Mwanamke mmoja hakucheka. Huyu anauza mitumba ya watoto jirani na mama yangu, anayeuza vitenge. Mume wake alikuwa amefariki, na kila siku alikuja sokoni na nguo za msiba, akikunja vigauni vidogo bila maneno mengi. Jioni ile nilipokuwa naondoka alinifuata hadi kwenye kona.

"Dada," akaniuliza, "hiyo kusikilizwa unasema, inafika mpaka Gasenyi?"

Nikamwambia inafika. Sikuwa na hakika hata kama ilikuwa imefika Jabe.

Anakaa Gasenyi, kule mwisho wa mji upande wa kaskazini, kwenye nyumba waliyoijenga na mume wake. Siku ya kumaliza kilio ilikuwa inakaribia. Kwao ni Wakristo, na siku hiyo Warundi wanaiita kuganduka: kunasaliwa misa, kisha watu wanakaa chini ya hema, na ukoo wa marehemu unatangaza mbele ya wote mali itaangaliwa na nani. Kinachotangazwa pale na kupokelewa, kukigeuza baadaye ni kutafuta ugomvi na watu wote waliokuwa chini ya hema. Na mjane alikuwa amekwisha kusikia kitakachotangazwa. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alitaka yeye na watoto wahamie aneksi, vyumba viwili vya nyuma, ili nyumba kubwa ipangishwe.

"Aneksi iko karibu na choo," akasema. "Lakini siyo choo naogopa. Mutu wanamutoa kwanza sebuleni. Kisha wanamutoa na huko nyuma, na hakuna mwenye anashangaa, juu alishaanza kuhama."

Nataka kuandika kwa haki, kwa hiyo niseme na ya shemeji. Ana duka la vipuri vya magari Jabe, baba hununua kwake, na sijasikia mtu akisema amemdanganya. Mabati ya nyumba ile aliyatoa yeye. Alisema kodi ya nyumba kubwa ingelipa shule ya watoto wa kaka yake, na ninaamini alikuwa anasema kweli. Ila hakuwa amemuuliza mjane chochote.

Pale veranda tuliijadili kwa hasira nzuri. Kwa desturi, mjane hajisemei siku hiyo. Upande wake unasemewa na mwanamume, na mwanamume mwenyewe alikuwa mjomba wake, dereva mstaafu, ambaye inajulikana hajakosa sherehe hata moja wala hajamaliza hata moja akiwa macho. Prezida wetu akauliza kwa nini nyumba ya mwanamke isemewe na mwanamume anayesinzia. Akasema safari hii atasema mwanamke. Likabaki swali ni mwanamke gani. Mmoja anafanya kazi serikalini na alimwogopa bosi wake. Mwingine alitaka kwanza amuulize mume, akatuomba tusicheke. Prezida mwenyewe ni wa ukoo mmoja na mke wa shemeji, isingependeza. Mimi sikuwa na kazi ya kupoteza wala mume wa kuuliza. Lakini wasije wakasema nilisukumwa: mkono wangu ulikuwa juu kabla swali halijaisha.

Wiki moja kabla, mimi na prezida tukaenda Gasenyi kuomba ukoo wa marehemu unikubali. Mzee wao, yule ambaye angesema kwa upande wao, alinitazama ushungi, akatazama viatu, akasema hajawahi kuona msichana asiyeolewa, tena Mwislamu wa Jabe, akisimama msemaji kwenye kuganduka. Prezida akamwambia nyakati zimebadilika, neno la binti lina uzito uleule na neno la mwanamume. Alisema vizuri sana. Mjomba naye alikuwapo, macho wazi, na alikuwa ameumia, unaona kabisa.

Aliyetusaidia, na hili sikulitazamia, ni shemeji.

"Muache aseme," akamwambia mzee. "Kama wanasema ni sawasawa, basi ni sawasawa."

Nilirudi Jabe nikitembea kama mtu aliyeteuliwa waziri.

Wiki ile nilijifunza hotuba. Prezida aliniandikia vifungu vya sheria, nikavikariri mbele ya mama yangu akipanga vitenge. Mama akasema, "Unasema kama unauza." Nikapunguza sauti. Akasema, "Sasa kama umeuza bure." Nilijifunza wapi pa kunyamaza, wapi pa kumtazama mzee, wapi pa kumtaja marehemu kwa heshima. Nilijiona nimejua kila kitu. Jambo moja hakuna aliyenifundisha, kwa sababu kwao ni jambo ambalo mtu hafundishwi, ni kama kujua kwamba kiti kinakaliwa. Na kwetu, sisi Waislamu wa mjini, halipo. Kwetu kinywaji ni kinywaji.

Siku ikafika. Mafuta yalikuwa yamekosekana tena mjini, mabasi hayakuonekana, kwa hiyo sehemu kubwa ya njia ya Gasenyi niliipanda kwa miguu, jua kali, nikirudia vifungu vyangu kwa sauti. Watu wakanipisha. Nilipofika koo lilikuwa kavu, siwezi kueleza. Hema lilikuwa limejaa. Wakanikalisha mbele kabisa, kwenye kiti cha msemaji, mjane nyuma yangu, prezida pembeni yake. Mjomba walimpa kiti mstari wa pili. Alikuwa ameshaanza kusinzia, au alijifanya.

Mzee wa ukoo akasimama, akawasha hotuba yake. Ilikuwa kwa Kirundi, mimi naiandika kwa Kiswahili changu. Wakati anasema, wasichana wa protokole, wale wanaohudumia wageni, wakaja na trei, wakaweka mbele ya mzee chupa ya bia na mbele yangu chupa ya soda. Soda. Sijui mtu wa mahali pengine ataelewa. Siku hizi sukari shida, soda unaweza kuzunguka Jabe nzima ukaikosa, na ukiipata ni ya moto kama supu. Hii ilikuwa inatoka jasho. Msichana akaifungua, akatia mrija, akanipigia goti kidogo kwa heshima.

Nikawaza, kumbe msemaji anaheshimiwa.

Mzee alikuwa anamsifu marehemu. Nikavuta kidogo. Akafika kwa watoto, shule zao, gharama. Nikavuta tena. Nilikuwa namsikiliza kweli, namtazama usoni kama nilivyofundishwa, na kinywa kinafanya kazi yake chenyewe. Aliposema, "Na neno letu ni kwamba nyumba kubwa aiangalie mdogo wa marehemu, na mama na watoto wapumzike aneksi," pale pale mrija wangu ukafika chini ya chupa na kulia. Hema zima likasikia.

Mzee akaitazama chupa. Akanitazama mimi, akaonekana kushangaa, kisha uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Tunashukuru sana," akasema. "Neno limepokelewa."

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga makofi. Niliona ni adabu, mzee amemaliza hotuba. Nikasimama, nikajitengeneza ushungi, nikafungua kinywa nianze kifungu cha kwanza, prezida akanivuta gauni nikakaa.

"Umekunywa," akaninong'oneza.

"Ndiyo, madamu. Ilikuwa baridi."

"Ile chupa ilikuja na neno. Msemaji anaipokea, anaiweka chini, anasema tutakaa tujadiliane. Akiinywa, amekubali."

"Lakini ilikuwa soda."

"Walikuletea soda kwa sababu ya dini yako. Mahali pa bia."

Yaani walikuwa wamenifikiria. Mtu fulani alizunguka mji mzima kutafuta soda ili msichana wa Kiislamu apokee neno lao bila kuvunja dini yake. Baadaye nilijua aliyezunguka ni shemeji mwenyewe.

Niligeuka kumtazama mjane. Hakulia, hakunilaumu. Alikuwa anautazama mlango wa nyumba yake namna mtu anavyotazama mlango wa ofisi, kama anajiuliza siku hizi unafunguliwa saa ngapi. Nilitamani ardhi inimeze na chupa yangu.

Hapo mjomba akaamka. Alisimama taratibu, akashika mgongo wa kiti changu.

"Mimi nauliza," akasema. "Hiyo soda nani amekunywa?"

"Msemaji wenu," mzee akamjibu.

"Msemaji wetu nani? Naona hapa katoto ka kike kamesikia kiu. Tangu lini katoto kakinywa soda, ukoo unakuwa umekubali?"

Kicheko kikapita chini ya hema. Kilikuwa kicheko cha kupumua, hata upande wa pili walicheka. Unaona kwamba wengi walikuwa wanatafuta mlango na mjomba amewafungulia. Kwa haki, sijui kama alifanya vile kumwokoa binti wa dada yake au kurudisha kiti chake. Nadhani yote mawili.

Asiyecheka alikuwa shemeji. Akasimama, ingawa kwa desturi naye hakupaswa kusema.

"Apana," akasema. "Walikuja hapa wakatuambia neno la binti ni sawa na la mwanaume. Mzee alikataa, mi njo nikasema akubali. Leo amekunywa kama mwanaume, munasema ni mutoto. Kama angekataa neno letu, mungesema ni mutoto?"

Hata mimi niliona amesema sawa. Kama prezida wetu angekuwa ameandika hotuba ile, tungeipigia makofi pale veranda.

Mzee akainua mkono. Akanigeukia.

"Binti," akasema, wala hakuwa mkali, "hebu tusaidie wewe. We ni msemaji, ama si msemaji?"

Nilimtazama prezida. Alikuwa anatazama simu yake, na simu ilikuwa imezimika. Simlaumu, aliniambia baadaye kwamba alitafuta jibu la tatu na hakulipata. Nikisema ni msemaji, basi nimekunywa, na jioni ile mjane anaanza kuhamisha masufuria. Nikisema si msemaji, basi yote tuliyosema wiki moja kabla, kwa sauti, mbele ya watu wale wale, nayafuta mwenyewe kwa mdomo wangu. Mdomo ule ule ulioshindwa na mrija. Nikageuka nyuma. Mjane alinitazama, akatikisa kichwa kidogo sana, hapana.

"Si msemaji, mzee," nikasema. "Mi ni mutoto wa jirani wa sokoni. Nilikuwa na kiu."

Sasa kicheko kilikuwa kikubwa. Mama mmoja alifuta machozi. Mzee akacheka hadi akashika tumbo, akaagiza mjomba aletewe chupa nyingine, akarudia neno lake kwa kifupi. Mjomba akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka chini ya kiti, akasema tumesikia, tutakaa na wazee wa mtaa tujadiliane, mama asitoke ndani ya nyumba hadi siku hiyo. Alisema maneno machache tu. Kisha akakaa kwenye kiti changu, kwa sababu mimi nilikuwa nimekwisha kuhamishiwa mstari wa pili, na baada ya muda akasinzia. Ile chupa hakuigusa.

Wazee wa mtaa walikaa baadaye. Mimi sikualikwa, na nilielewa. Wakaamua mjane abaki nyumba kubwa na watoto, aneksi ipangishwe, kodi iende shuleni. Wakati huo mjane alijibu maswali mwenyewe kwa kuwa wazee walimuuliza. Aliniambia sokoni, huku akikunja vigauni, kwamba walimuuliza vizuri.

Mutanga Nord hawakunipokea kwa nyimbo. Yule wa serikalini akasema nimerudisha wanawake wa Gasenyi nyuma. Yule wa mume akasema wanawake wa Gasenyi ni wengi, lakini mwenye nyumba ni mmoja, na amelala kwake. Walibishana hadi chai ikapoa. Mimi nilikubaliana na wa kwanza alipokuwa anasema, kisha nikakubaliana na wa pili. Prezida akaandika kwenye ripoti kwamba chama kimefanikisha upatanisho katika jamii. Soda hakuiandika.

Siku nyingi baadaye baba alinituma kununua plagi kwenye duka la shemeji, pale pale Jabe. Nilifikiria kwenda duka la mwingine, lakini baba angejua kwa bei. Shemeji alikuwa peke yake. Akanitolea plagi, akaipuliza vumbi, akaifunga kwenye gazeti. Nikamshukuru kwa ile soda.

"Niliitafuta hadi karibu na bandari," akasema. "Juu niliambiwa hunywi bia."

"Shemeji, unisamehe."

"Nyumba siyo shida. Watoto wanasoma, mi nimefurahi." Aliweka plagi juu ya meza, katikati yetu. "Ungenishinda kama msemaji, ningekubali. Umenishinda kama mutoto. Hiyo njo inaniuma."

Nilisimama pale na ushungi wangu na uso wa mtu aliyepigwa kofi kwa adabu. Katika hema lile lote, mtu aliyeamini maneno yetu ya usawa hadi mwisho alikuwa yeye, na ilikuwa lazima ashindwe. Nikiulizwa tena leo, we ni msemaji ama si msemaji, na mjane akatikisa kichwa vile, nitajibu vile vile. Nalijua hilo na silipendi.

Nilimwambia, "Ukiwa na neno lingine, shemeji, unaweza kuniletea. Siku hizi najua kulipokea."

Akatabasamu, akanisogezea plagi ya baba.

"Nikiwa na neno," akasema, "nitampelekea mjomba."